Barafu imevaa sweta

Alhamisi iliyopita darasani kwangu kimetokea kitu ambacho mpaka leo Jumamosi nafua nguo nakifikiria, nikasema ngoja nikae nikiandike kabla kazi za wiki mpya hazijanimeza. Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa awali hapa Moshi, shule yetu iko huku chini upande wa Pasua, nina watoto 61 kwenye daftari la mahudhurio na siku ya kawaida wanakuja hamsini na kitu, wa miaka mitano hivi. Sasa hivi ni mwezi wa saba mwishoni, mnaoijua Moshi mnajua, asubuhi baridi, wingu limeukalia mlima wiki nzima hatujauona, watoto wanakuja na masweta makubwa mpaka vidole havionekani maana mzazi ananunua la kuvaa mpaka darasa la tatu.

Hayo masweta ndo yalinipa wazo. Jumatano jioni niliomba kwa mama mwenye duka hapo karibu na shule anigandishie maji kwenye friji yake, vikopo viwili vya majarini vinavyolingana. Asubuhi nikaja navyo, nikatoa barafu zote mbili nikaziweka mezani watoto wakazunguka, kila mtu anataka kugusa, nikawaacha waguse kwanza. Hiyo nimejifunza zamani, ukimkataza mtoto kugusa hasikii unachosema, akili yote iko kwenye kile kitu.

Nikauliza, hii moja nikiivalisha sweta na hii nyingine nikiiacha hivi hivi, ipi itaisha haraka?

Darasa zima, "ya sweta!" Yaani hakuna aliyesita. Nikamuuliza mmoja kwa nini, akanijibu kama ananionea huruma, "Mwalimu, sweta lina joto. Mama ananivalisha nisisikie baridi. Kwa hiyo barafu itasikia joto itayeyuka." Sasa hebu niambieni hapo kosa liko wapi. Ametumia alichonacho, amekiunganisha na kitu kipya, ametoa sababu. Kuna watu wazima nawajua hawawezi kutoa sababu nzuri kama hiyo.

Basi nikachukua sweta la mtoto mmoja aliyejitolea, nikaifunga barafu ya kwanza nikaiweka dirishani kivulini, ile nyingine nikaiweka kwenye sahani pale mlangoni kwenye ngazi ambapo ndo kajua kalikuwa kanaanza kupenya. Sikuwaza, nilitafuta tu mahali ambapo hawataikanyaga. Mtoto mmoja wa kiume, mkimya sana, akasema "Mwalimu, hiyo unaionea. Umeiweka juani."

Nilisimama kabisa. Huyo ana miaka mitano. Hicho alichokisema mimi nilikutana nacho sekondari kwenye maabara, kwamba ukitaka kulinganisha vitu viwili badilisha kimoja tu, vingine vyote viache sawa, la sivyo hujui kilicholeta tofauti. Yeye amekifikia kwa njia ya kuonewa, kwa sababu watoto wa umri huo suala la nani kapewa kingi na nani kaonewa ndo maisha yao ya kila siku, kwenye uji, kwenye bembea, kila mahali. Nikamwambia asante, nikazihamisha zote mbili meza moja, kivuli kimoja.

Tukaimba, tukaandika herufi kidogo, tukanywa uji. Katikati walikuwa wanakwenda kuchungulia, na sikuwazuia. Baada ya uji tukakusanyika. Ile iliyoachwa wazi ilikuwa imebaki kidonge kama limau kinaogelea kwenye maji yake. Nikafungua sweta taratibu, na humo ndani barafu bado kubwa, hata alama ya mdomo wa kopo bado inaonekana pembeni.

Kimya. Halafu kelele ambazo mwalimu wa darasa la pili alikuja kuchungulia kulikoni.

"Sweta limeharibika!" huyo wa kwanza. "Sweta lako halina joto, langu lina joto!" huyo mwingine, wakataka kugombana. Na hapo ndo nataka mnisikilize vizuri walimu wenzangu, kwa sababu jibu lilikuwa limenijaa mdomoni. Nilitaka kusema sweta halitengenezi joto, linazuia joto lisipite, nyuzi zimenasa hewa ndani na hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri, kwa hiyo kwako joto la mwili halitoki na kwa barafu joto la nje haliingii. Sentensi mbili tatu wangeitikia "ndiyoooo mwalimu" na tungeendelea na hesabu, na wasingebaki na chochote. Nikajibana. Nikauliza tu, mnadhani kwa nini?

Binti mmoja ambaye muda wote alikuwa ameishika ile barafu iliyobaki mpaka vidole vimekuwa vyekundu akasema, "Barafu haina damu."

Haina damu! Sisi tuna damu, damu ina moto, sweta linashika moto wetu, barafu haina damu kwa hiyo sweta halina cha kushika. Hakusema yote hayo, alisema hayo maneno matatu tu, ila wenzake walielewa haraka kuliko mimi. Mmoja akavua sweta lake akalipeleka shavuni, "la moto." Nikawaambia nendeni mguse lile la mwenzenu ambaye leo hajaja, ambalo limening'inia kwenye msumari tangu jana. Wakapanga foleni kuligusa. La baridi. Lile la kwenye msumari la baridi na hili lililotoka mwilini la moto, na yote ni masweta ya shule ya aina moja. Mambo ya hesabu siku hiyo tuliyasahau na sijutii.

Nawaandikia haya kwa sababu kuna kitu nilikifanya zamani ambacho kinaniuma. Mwaka wangu wa pili kazini mtoto mmoja aliniuliza, kwa nini mwezi unatufuata tukitembea usiku. Nilikuwa na watoto wengi, ubao umejaa, mdhibiti ubora anakuja wiki ile, nikamwambia kaa chini tunasoma herufi. Akakaa. Hakuniuliza kitu tena mpaka mwaka umeisha. Sikumpiga, sikumfokea hata, nilimwambia tu akae, na ilitosha.

Mnakijua kisa cha Erasto Mpemba? Nakisimulia kila nikipata walimu wapya kwa mazoezi. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, wanatengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Unatakiwa usubiri yapoe ndo uweke kwenye friza, ila nafasi zilikuwa zinajaa, yeye akaogopa kukosa akaweka ya kwake ikiwa ya moto, na ikaganda kabla ya ile ya mwenzake iliyowekwa bila kuchemshwa. Akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa tu, haiwezekani. Aliendelea kuuliza miaka na wakawa wanamtania hiyo ni fizikia ya Mpemba, mpaka akiwa Mkwawa kule Iringa akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kijana akasimama akauliza lile lile, wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka, aliahidi kwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la fizikia. Mpaka leo wanasayansi dunia nzima wanabishana kama ni kweli na kama ni kweli ni kwa nini, na wanaliita kwa jina lake. Na wakati huo wanachapisha yeye alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori hapa Mweka, hapo juu tu kwetu hapa, unapanda daladala kutoka mjini. Mimi nimekulia hapa na sikuwahi kuambiwa hilo shuleni.

Mpemba alikuwa kijana mkubwa, aliweza kuvumilia kuchekwa. Mtoto wa miaka mitano hawezi, ukimzima mara moja mbili amezimika.

Sasa najua mtaniuliza, na watoto 61 unafanyaje? Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25, mimi nina zaidi ya mara mbili yake, na siandiki hapa kulalamika ila sitaki pia mtu adhani nina darasa la kwenye picha. Nawagawa kwa mikeka. Mikeka mitano, mmoja unafanya jaribio na mimi niko nao, mingine wanachora, wanapanga vizibo, wanacheza duka, wanasikiliza hadithi kwa msichana wa kujitolea anayenisaidia siku mbili kwa wiki. Kesho yake mikeka inazunguka. Kwa hiyo jaribio moja linanichukua wiki nzima, na zamani nilikuwa naona ni kuchelewa, sasa naona ni faida kwa sababu mkeka wa Jumatatu wanawasimulia mkeka wa Jumanne na wanabishana njiani wakirudi nyumbani. Ile ya sweta ilikuwa ya darasa zima kwa sababu barafu haisubiri.

Zana ni kufaragua tu, yaani kutengeneza kwa vitu vilivyopo, kama tulivyofundishwa chuoni, ila nimegundua tulikuwa tunafaragua vitu vya kutundika ukutani, vya mkaguzi kuona. Ukuta wangu siku hizi uko wazi kidogo, vitu viko chini kwenye maboksi mtoto anaweza kufikia. Vizibo, mbegu za parachichi, mawe ya mtoni, mabaki ya sabuni, henga la nguo lenye vikopo viwili ambalo ndo mizani yetu. Pia tuna jaribio la chungwa ambalo nalipenda kupita yote. Beseni la maji, chungwa lenye ganda linaelea. Ukilimenya linazama. Watoto wanakasirika kabisa! Kwa sababu umepunguza, limekuwa dogo, limekuwa jepesi, lingetakiwa lielee zaidi. Ganda lina vitundu vimejaa hewa, linafanya kazi kama boya, ila hilo sitawaambia mpaka waliminye ganda ndani ya maji wenyewe waone mapovu.

Na kikombe cha jasho. Hii tulifanya mwezi wa pili kwenye lile joto. Kikombe cha juisi ya rozela baridi sana, nje kikatoka matone. "Mwalimu kinavuja." Sawa, kama kinavuja kitatoka nini? "Juisi." Juisi ina rangi gani? Nyekundu. Haya futa na karatasi nyeupe. Wakafuta, karatasi imelowa haina wekundu hata kidogo. Wakatazamana. Mmoja akasema basi ni jasho, kikombe kimesikia joto kimetoka jasho. Nikaliacha hilo jibu likae wiki nzima bila kulisahihisha, na kuna mwenzangu aliniambia nawaacha na makosa kichwani. Nimemuelewa, ila jibu la jasho lilizaa swali, kikombe kikavu kikiachwa juani mbona hakitoki jasho? Wakajaribu. Hakikutoka. Kwa hiyo si joto, ni ubaridi unafanya kitu. Kwamba ni mvuke ulioko hewani umekutana na ubaridi ukawa maji, hilo watalikuta huko mbele na watakuwa na pa kulishikia.

Swali langu nimelibadilisha, hapo tu ndo kazi yote ilipo kwa kweli. Nilikuwa nauliza "hii ni nini?" na anayejua ni wale wale watatu wa mbele. Sasa nauliza "unadhani itakuwaje?" na hapo hakuna asiyejua, maana kila mtu anaweza kudhani, na hata yule ambaye nyumbani wanaongea Kichagga tupu na Kiswahili chake bado kinasuasua anaweza kunyoosha kidole kwenye kile anachodhani. Na baada ya kuuliza nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla sijafungua mdomo tena. Mnaona rahisi, jaribuni.

Kwenye usalama sina utani. Mwaka juzi tukiwa tunaotesha maharage kwenye chupa zilizokatwa, unaweka karatasi ya chooni ndani na harage pembeni ili waone mzizi ukishuka chini, mtoto mmoja alipachika harage puani. Harage likipata unyevu linavimba. Alipelekwa hospitali likatolewa, yuko salama, ila ile safari ya bajaji nimemshika mapajani siisahau. Kwa hiyo maharage nayahesabu yakitoka na yakirudi. Sumaku ndogo ndogo sitaki kuziona, mtoto akimeza mbili zinavutana huko tumboni na kutoboa utumbo, natumia ile kubwa ya spika mbovu. Betri za saa, zile bapa kama shilingi, hazikanyagi darasani. Na beseni la maji likitumika linamwagwa hapo hapo, halisubiri mapumziko.

Wazazi nao. Kikao cha mwezi wa tatu baba mmoja alisimama, mtu mstaarabu tu, akasema "Mwalimu, mtoto wa jirani yuko shule ya kulipia anaandika mpaka mia na Kiingereza anaongea, wa kwangu anarudi na matope na daftari jeupe. Sisi tunataka wasome." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa na karatasi ya mtaala mkononi, kuwa Taasisi ya Elimu yenyewe inataka watoto wa awali wajifunze kwa michezo na vitendo, nikaona nikiisoma watalala. Nikatoa beseni na machungwa. Nikamwambia baba, hili nikilimenya litaelea au litazama? "Litaelea, limepungua uzito." Haya wengine? Karibu wote, litaelea. Nikamenya nikaweka. Mngesikia ile sauti iliyotoka, ni ile ile ya watoto wao! Mama mmoja akaja mbele akalitoa akalirudisha, akalitoa akalirudisha. Wakabaki wanabishana wenyewe dakika kumi nzima na mimi nimekaa. Yule baba hakusema kitu tena siku hiyo, ila wiki iliyofuata mwanae alikuja na mfuko wa makopo matupu yameoshwa, na kingo kali zimepigwa nyundo zikalala ili yasiwakate watoto. Aliyafanya mwenyewe.

Niwarudishe kwenye barafu nimalizie maana mvua inataka kuanza na nguo ziko nje.

Alhamisi hiyo hiyo, tunaelekea kufunga, nimeshawapangisha mstari, yule binti wa "haina damu" akanivuta gauni. Anaishi na bibi yake, wana migomba. Akaniambia bibi akitaka ndizi ziive anazifunika na majani makavu, na magunia juu, anazivalisha. Nikasema ndiyo. "Na zinaiva haraka." Ndiyo. Akanyamaza kidogo, uso umekunjika.

"Barafu tumeivalisha ikachelewa. Ndizi zikivalishwa zinawahi."

Mwenzenu nikahesabu mpaka kumi.

"Kwani ndizi zina damu?"

Sikumjibu. Nilimwambia tutaziangalia. Jana nimepita Mbuyuni nimenunua ndizi mbichi vichane vitatu, mama wa sokoni ameniongezea moja iliyoiva. Kimoja kitakaa wazi, kimoja kitavaa sweta, na cha tatu kitavaa sweta pamoja na ile iliyoiva, meza moja, kivuli kimoja, ili kusiwe na wa kuonewa. Jumatatu kila mkeka utasema unadhani nini, naandika ubaoni kwa michoro. Nikipata majibu nitawaambia, ila kama kuna mtu ana sweta la zamani la mtoto halivaliki tena aniletee, maana hili la kujitolea mama mwenye mtoto amelitaka lirudi kavu.